Msome kuku wako kabla ya kumnunulia dawa

Hapa Goma kuku akianza kuinamisha kichwa, mwenye kuku hukimbilia farmasi ya mifugo na kurudi na pakiti ya unga wa njano. Mara nyingi unga huo ni oksitetrasaiklini, antibiotiki ya kupambana na bakteria. Siku tatu zikipita nusu ya kundi imelala chini, na watu wanasema dawa ilikuwa ya bandia. Huenda ilikuwa nzima kabisa, ila imepewa kazi isiyo yake. Kideri (ugonjwa wa Newcastle) na Gumboro (ugonjwa wa kuku wadogo unaoharibu kinga) huletwa na virusi, na hakuna antibiotiki inayogusa kirusi. Koksidia huletwa na kijidudu cha utumbo ambacho kina dawa yake. Minyoo nayo ina yake. Pesa nyingi za wafugaji wetu hupotea kwa sababu dawa inanunuliwa kabla ugonjwa haujatambuliwa, na hilo linauma zaidi kwa kuwa kuutambua kunawezekana kwa macho, mikono na daftari.

Anza na umri. Kifaranga wa chini ya wiki moja akifa, tazama kwanza baridi, kitovu kilichooza, na bakteria wa salmonela aliotoka nao kwenye yai. Kati ya wiki ya 3 na ya 6, wagombea wakubwa ni koksidia na Gumboro. Kuanzia mwezi wa pili hadi wa tano, ndege mmoja mmoja akilegea mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, hapo fikiria Marek, ugonjwa wa kirusi unaopoozesha, ambao hauna dawa na ambao chanjo yake hutolewa siku ya kwanza kwenye kituo cha kutotoleshea. Kwa kuku wanaotaga, taifodi ya kuku, kipindupindu cha kuku na mafua ya kuku (koraiza) ndiyo yanayosumbua. Kideri hakichagui umri.

Baada ya umri, tazama kasi ya vifo. Andika idadi kila asubuhi. Leo 1, kesho 3, keshokutwa 9, halafu 20: huo ni mwendo wa kideri kwenye kundi lisilochanjwa, na unaweza kuishia kwa banda tupu. Vifo vikipanda kwa siku tatu au nne halafu vikashuka vyenyewe ndani ya wiki, hasa kwa vifaranga wa mwezi mmoja, hiyo inafanana na Gumboro. Ndege mmoja leo, mwingine baada ya siku nne, kwa wiki nyingi: hapo ni minyoo, kikohozi cha mikoplazma, Marek au taifodi.

Kisha kinyesi. Kinyesi cha afya ni kigumu kidogo, rangi ya kahawia au kijivu, na juu yake kuna kofia nyeupe ya mkojo. Kila baada ya mara kadhaa kuku hutoa kingine laini, cheusi-kahawia, kinachonata na kunuka vikali. Hicho kinatoka kwenye vifuko vya upofu vya utumbo, yaani vilivyozibwa upande mmoja, na ni cha kawaida kabisa. Wengi hukiona wakadhani ni kuhara, wakaanza kutibu kuku wazima. Kinachotakiwa kukutisha ni kijani cha majani mabichi, njano ya kiberiti, maji meupe ya chokaa, au damu.

Kideri

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1926, kisiwani Java na katika mji wa Newcastle upon Tyne, Uingereza. Kirusi kikiingia kwa kuku, dalili huonekana baada ya siku 2 hadi 15, mara nyingi siku ya 5 au ya 6. Kuku anafumba macho, mabawa yanashuka, anahara kijani, anavuta pumzi kwa mdomo wazi, anatoa ute mdomoni. Wale wasiokufa mapema hupindisha shingo hadi uso ukatazama juu au nyuma, wanatembea kwa kuzunguka, mguu au bawa linatetemeka. Wanaotaga huacha ghafla, au wanatoa mayai yenye ganda laini.

Hakuna tiba. Anayekuuzia sindano ya kuponya kideri anakuuzia maji. Unachoweza kufanya kundi likishaugua ni kuzuia usisambae: funga banda, usiuze, usitoe zawadi, usiazime masahani ya maji. Kuwachanja walioanza kuugua hakuwaokoi, na anayeshika kuku mmoja baada ya mwingine kwa mikono ileile anawapelekea kirusi ambao bado walikuwa salama. Bata wanaweza kukibeba bila kuonyesha dalili kubwa, kwa hiyo usiseme banda ni safi kwa sababu bata wanatembea vizuri.

Kideri huingia mjini na kuku wa sokoni. Ndege wanaoshuka kwenye boti za Minova na Idjwi pale Kituku, wanaoletwa kwa pikipiki kutoka Rutshuru na Masisi, wanachanganywa kwenye tenga moja, kisha wanaobaki bila mnunuzi wanarudi nyumbani jioni. Kuelekea sikukuu za Desemba msongamano huo huwa mkubwa zaidi. Kuku mpya yeyote, hata awe mzuri namna gani, akae peke yake siku 21 kabla ya kuingia kundini. Mhudumu ahudumie kundi la nyumbani kwanza, mgeni mwisho.

Chanjo na maji yetu

Ratiba inayotumika kwa wengi ni hii: siku ya 7 chanjo ya kwanza ya kideri (HB1), siku ya 14 Gumboro, siku ya 21 La Sota (kideri mara ya pili), siku ya 28 Gumboro tena. Kuku wa mayai warudie kideri karibu na wiki ya 8 na ya 16, halafu kila miezi miwili au mitatu. Ndui ya kuku ichanjwe kati ya wiki ya 6 na ya 8, kwa kuchoma ngozi ya bawa na sindano ya meno mawili. Baada ya siku 7 hadi 10 lazima uone uvimbe mdogo au gaga pale ulipochoma. Usipouona, chanjo haikushika, rudia. Kwa kuku wa kienyeji wanaozurura kuna chanjo ya I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na friji: tone moja jichoni, dozi ileile kwa kifaranga na kwa jogoo, kila miezi mitatu au minne. Inavumilia joto kuliko nyingine, lakini jua hailivumilii.

Sasa, kwa nini watu wa Goma wanachanja na kuku bado wanakufa? Sababu ya kwanza ni klorini. Kwa ajili ya kipindupindu cha watu, maji ya mjini hutiwa klorini, na kule ziwani wapo wanaotia dawa kwenye kila bidoni. Kwa familia ni jambo jema sana na lisiachwe. Lakini chanjo ya kideri ni kirusi hai kilichodhoofishwa, na klorini inakiua palepale kwenye ndoo. Mfugaji anawanywesha kuku wake maji yenye maiti ya chanjo na anaandika daftarini kwamba amechanja.

Fanya hivi. Tumia maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza, au maji ya bomba uliyoyaacha kwenye beseni wazi usiku kucha. Tia maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, koroga, subiri dakika 20. Maziwa hayo hukamata klorini iliyobaki na kumlinda kirusi. Ndipo utie chanjo. Vyombo vioshwe kwa maji matupu, bila sabuni wala javel (maji ya klorini ya kufulia).

Kiasi cha maji nacho kina hesabu yake: kwa kuku 1,000, umri wao kwa siku ndio idadi ya lita. Vifaranga 1,000 wa siku 14 wanahitaji lita 14. Kuku 100 wa siku 21 wanahitaji lita 2 na kidogo. Waondolee maji ya kunywa saa moja hadi mbili kabla, ili wakute chanjo wakiwa na kiu na kuimaliza ndani ya saa mbili. Weka masahani ya kutosha, vinginevyo wenye nguvu watakunywa yote na wanyonge hawatapata hata tone. Fanya asubuhi mapema, kivulini.

Sababu ya pili ni baridi inayokatika. Chanjo inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 tangu kiwandani. Muulize mwenye farmasi friji yake inalindwaje umeme ukikatika, na usione haya kuuliza. Beba termosi yenye barafu, si mfuko wa plastiki mfukoni mwa koti. Ukifika nyumbani itazame chupa: kidonge kikavu kiwe kimekaa chini, kizima, hakijayeyuka wala kubadilika rangi. Chupa nyingi hufungwa bila hewa ndani. Ukichoma kizibo kwa sindano yenye maji, chupa inapaswa kuyavuta maji yenyewe kwa nguvu kabla hujasukuma. Isipoyavuta, hewa imeshaingia, na uwezo wa chanjo hiyo ni wa kutiliwa shaka.

Ya tatu ni ukubwa wa chupa. Nyingi ni za dozi 500 au 1,000, na mfugaji wa kawaida wa mtaa wa Katindo au Ndosho ana kuku 60. Anatumia kidogo, anaweka iliyobaki kwa wiki ijayo. Chanjo iliyochanganywa imekwisha baada ya saa mbili, hakuna wiki ijayo. Dawa ya hilo ni majirani wa avenue moja kupatana siku, kuchanga pesa ya chupa moja na kugawana maji yaliyochanganywa, kila mtu akiyapokea kwenye chombo chake mlangoni. Mtu wa banda moja asiingie kwenye banda la mwingine.

Kumfungua aliyekufa

Hakuna kipimo rahisi kuliko hiki, na sijui kwa nini wafugaji wanakiogopa wakati kila mmoja anajua kumchinja kuku na kumtoa matumbo. Tofauti ni kwamba hapa unatazama kabla ya kutoa.

Onyo moja kwanza. Kuku wengi wakifa ghafla kwa pamoja, vichwa vimevimba, vilemba na ndevu zimegeuka zambarau, miguu ina madoa ya damu, usifungue hata mmoja. Inaweza kuwa mafua makali ya ndege, yanayoweza kumpata mtu. Si jambo la mbali: mwaka 2017 aina ya H5N8 ilithibitishwa Ituri, kwenye eneo la Ziwa Albert. Waite wataalamu wa mifugo wa jimbo, zuia watoto, subiri.

Kwa hali nyingine, chagua ndege aliyekufa saa chache tu zilizopita. Aliyelala jua zima ameshaoza na atakudanganya. Vaa glavu au mifuko ya plastiki, mbali na jikoni. Mloweshe kwa maji ya sabuni ili manyoya na vumbi visiruke. Mlaze chali, kata ngozi kati ya paja na tumbo, sukuma mapaja chini hadi viungo vitoke, hapo atakaa bila kuyumba. Chuna ngozi ya kifua na mapaja, tazama nyama. Mistari na madoa ya damu kwenye misuli ya mapaja na kifua, kwa kifaranga wa mwezi, yanaelekeza kwenye Gumboro. Nyama iliyopauka sana inasema damu imepotea: koksidia, au chawa na utitiri. Mfupa wa kifua ukiwa mkali na nyama imekwisha, ugonjwa ni wa muda mrefu.

Kata chini ya mfupa wa kifua, pita mbavu pande zote mbili, inua kifua. Usiguse kitu bado. Utando mweupe-njano juu ya ini na moyo mara nyingi ni kolibasili (bakteria wa E. coli), ambayo kwa kawaida hupanda juu ya ugonjwa mwingine au juu ya banda lenye hewa chafu. Ini kubwa lenye rangi ya shaba inayoelekea kijani ni taifodi. Vidoa vidogo sana vyeupe kwenye ini, kwa kuku aliyekuwa mnene na kufa bila dalili, ni kipindupindu cha kuku, kinachotokana na bakteria wa Pasteurella, wala hakihusiani na kipindupindu cha watu. Mabonge kwenye ini, bandama au figo: Marek au ugonjwa mwingine wa uvimbe.

Sasa fuata njia ya chakula. Kabla ya firigisi kuna kifuko chenye kuta nene. Kipasue, kioshe kwa maji kidogo. Vidoa vyekundu kwenye ncha za tezi zake ni alama maarufu ya kideri. Si kila kuku wa kideri anayo, kwa hiyo fungua watatu hadi watano kabla ya kuamua. Endelea hadi kwenye vile vifuko viwili vya upofu mwishoni mwa utumbo. Vikiwa vimevimba na kujaa damu, umepata koksidia aina ya Eimeria tenella. Mwisho tafuta tezi ya Fabricius, iliyo juu ya mkundu kwa ndani, upande wa mgongo. Kwa ndege wadogo ni tezi ya mviringo iliyo wazi kuonekana. Kwenye Gumboro changa huwa imevimba, imezungukwa na majimaji ya njano yanayoteleza, pengine ina damu ndani. Siku kadhaa baadaye hunywea hadi kuwa ndogo kuliko kawaida.

Kunywea huko ndiko kunakoifanya Gumboro kuwa mbaya kuliko idadi ya iliowaua. Tezi hiyo ndiyo shule ya kinga ya kifaranga. Ikiharibika, chanjo ya kideri utakayompa baadaye haitashika vizuri, na kila kikohozi kitamshinda. Kwa walioshikwa toa maji mengi safi yenye vitamini na elektroliti, ongeza joto kidogo, usiwasumbue. Antibiotiki haiwaponyi. Dawa za salfa ziache kabisa, maana figo za kifaranga wa Gumboro tayari zimezidiwa.

Koksidia

Hapa ndipo dawa inafanya kazi, ukiipa mapema. Kuku anajikunja, manyoya yamesimama, kilemba kimepauka, kinyesi kina damu au ute wa rangi ya chungwa. Ampirolium ya asilimia 20 hutolewa gramu 0.6 kwa lita ya maji kwa ugonjwa wa kawaida, gramu 1.2 kwa lita ukiwa mkali, siku 3 hadi 5. Kisha gramu 0.3 kwa lita kwa wiki moja au mbili. Soma asilimia iliyoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu hesabu hii ni ya 20 tu. Toltrazurili ya asilimia 2.5 ni mililita 1 kwa lita, saa 48 mfululizo, na inafika kwenye hatua nyingi zaidi za mdudu. Katika siku hizo wasiwe na maji mengine yoyote ya kunywa.

Ampirolium inafanya kazi kwa kujifanya vitamini B1 mbele ya mdudu. Ukimpa kuku mchanganyiko wa vitamini wenye B1 siku hizohizo, umemlisha mdudu na kuifuta dawa. Vitamini K inafaa, kwa ajili ya damu. Za B zisubiri dozi iishe.

Kuku mgonjwa hunywa kidogo. Kundi la kuku wa nyama 100 wenye wiki nne hunywa lita 15 hadi 20 kwa siku wakiwa wazima. Pima ulivyotoa jana kabla ya kuchanganya leo, na changanya ya nusu siku, kisha nyingine safi mchana. Ukiona hawanywi kabisa, mpe mmoja mmoja kwa seringe isiyo na sindano.

Mayai ya mdudu huyu yakitoka kwenye kinyesi hayaambukizi hadi yapate unyevu, hewa na joto kwa siku moja au mbili. Kwa hiyo adui mkubwa ni ile pete ya matandiko yenye maji kuzunguka chombo cha kunywea. Inua chombo kifike kimo cha mgongo wa kuku, toa yaliyolowa kila asubuhi, weka maranda makavu ya mbao. Klorini, ambayo mji huu unaiamini kwa haki, haiyaui mayai hayo hata ukimwaga ndoo nzima. Yanakufa kwa moto, maji yanayochemka na ukavu wa muda mrefu.

Baridi, moshi na mwinuko

Uso wa Ziwa Kivu wenyewe uko karibu mita 1,460 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, na usiku joto hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 34, kisha upunguze karibu nyuzi 3 kila wiki. Wakijazana juu ya mbabula (jiko la makala), ni baridi. Wakikimbilia kuta na kuhema, ni joto. Wakisambaa na kula, umepatia.

Mbabula ya makala ndani ya chumba kilichozibwa huua kimya. Ukikuta vifaranga wamekufa asubuhi, wanene, bila dalili, na damu yao ni nyekundu inayong'aa kupita kawaida, ni gesi ya sumu ya makala. Washa makala nje hadi yawe mekundu ndipo uingize, acha nafasi ya hewa juu ya ukuta.

Kuku wa nyama wanaokua haraka wana shida nyingine ya mahali petu: tumbo maji. Mwili mkubwa unadai oksijeni, hewa haina ya kutosha, upande wa kulia wa moyo unasukuma hadi unachoka, maji yanavujia tumboni. Kilemba kinakuwa cha bluu, kuku anahema akiwa amekaa, na ukimfungua maji ya manjano yanamwagika. Wengi hudhani ni sumu. Hakuna tiba ya maana. Kinga ni kupunguza kasi: chakula cha unga badala ya tembe, kuwanyima saa kadhaa za kula kwa siku katika wiki ya pili na ya tatu, joto la kutosha usiku, hewa safi bila harufu ya amonia.

Pua na kifua

Mafua ya kuku, yaani koraiza wala si mafua ya ndege, hufika haraka, siku 1 hadi 3 baada ya kuambukizwa: uso unavimba chini ya jicho, pua inatoa ute wenye harufu mbaya ambayo ukiishika mara moja hutaisahau. Salfa pamoja na trimetoprimu husaidia, ila si kwa kuku ambao mayai yao yanauzwa. Mikoplazma huenda polepole: kukoroma usiku, kupiga chafya, povu kwenye kona ya jicho, uzito haupandi. Ingia bandani gizani, simama kimya, sikiliza. Tilosini miligramu 500 kwa lita, siku 3 hadi 5, hutuliza. Aliyepona katika yote mawili hubaki na vimelea, na mikoplazma hupita kwenye yai, kwa hiyo mayai ya kundi hilo yasitotoleshwe. La taifodi hivyo hivyo.

Maji ya ziwa yana chumvi na magnesiamu nyingi, na tetrasaiklini, jamii ya ule unga wa njano, hushikana na magnesiamu na chokaa ikashindwa kuingia mwilini. Hata pale inapofaa, ichanganye na maji ya mvua. Na siku za kuacha kula au kuuza nyama na mayai baada ya dozi zimeandikwa kwenye lebo. Zifuate, maana kinachobaki kwenye yai kinaliwa na mtoto wa mtu.

Kanga, kwale, bata mzinga, njiwa

Hawa si kuku wadogo au wakubwa, wana magonjwa yao. Kinda wa kanga anayenyoosha shingo, anafungua mdomo bila sauti na kutikisa kichwa, usimpe dawa ya kikohozi. Fungua koo la aliyekufa: utakuta minyoo myekundu yenye umbo la herufi Y, dume na jike wameshikana maisha yote. Huwapata kwa kula nyungunyungu na konokono wa bustani zenye unyevu. Fenbendazoli inawaondoa.

Bata mzinga asifugwe na kuku, hata kwenye uwanja ambao kuku walikuwa mwaka jana. Mnyoo wa kuku hubeba ndani ya mayai yake kijidudu cha histomonasi, ambacho kuku hukivumilia na bata mzinga hufa nacho, akiwa na kinyesi cha njano ya kiberiti na mabaka ya mviringo yaliyozama kwenye ini. Dawa za uhakika hazipo. Kutenganisha ndiyo kinga.

Kwale hufa kwa vidonda vya utumbo vya Clostridium colinum: ndege mnene, gole limejaa, kinyesi cha maji meupe, na ukitazama utumbo kwa nje unaona madoa ya njano. Basitrasini ndiyo dawa yake. Sakafu ya waya inayoacha kinyesi kianguke huzuia zaidi ya dawa.

Njiwa mwenye utando wa njano ndani ya mdomo ana trikomonasi, kijidudu anachowapa makinda wakati wa kuwalisha. Metronidazoli, na vyombo vikaushwe juani kila siku.

Jiwe chini ya mguu

Lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002 ndiyo sakafu ya mabanda mengi ya katikati ya mji. Ncha zake hukata unyayo wa kuku mzito, bakteria huingia, na baada ya muda kuna gaga jeusi na uvimbe mgumu. Loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi dakika 10, toa gaga kwa kibano safi, kamua kiini cha njano kilichokauka, paka iodini, funga kitambaa, badilisha kila baada ya siku mbili. Tandika maranda sentimita 8 hadi 10 juu ya jiwe na lainisha fito za kulalia.

Lava hiyohiyo inazuia kuzika. Mizoga inaishia jalalani, mbwa wanaisambaza, au inatupwa ziwani ambako watu wanateka maji. Penye jiwe tupu, chukua pipa la chuma lenye mfuniko, weka tabaka la chokaa, mizoga, chokaa tena, lifunge mbali na banda. Au choma kwa kuni hadi mifupa iwe majivu. Toa matandiko yote na kuyachoma, sugua sakafu kwa sabuni hadi jiwe lionekane, mimina maji yanayochemka kwenye mianya ya lava, kisha chokaa. Acha banda tupu wiki mbili baada ya kideri. Baada ya Gumboro ongeza zaidi, kwani kirusi chake hukaa bandani kwa miezi. Watakaoingia kwanza wawe wachache, watano au sita, wakae wiki tatu. Wakibaki wazima, ndipo uagize vifaranga.